Seti ya masomo ya watoto wa Mungu kwa shule ya Jumapili: nunueni, ila somo la tatu na la nne yaandaeni upya

Walimu wa shule ya Jumapili kuanzia Uyole na Tukuyu hadi Makete wanaulizana kama seti hii ya masomo sita, inayouzwa Sh 28,000 kwenye maduka ya vitabu vya dini Mbeya mjini na Iringa, ina thamani ya hela hiyo. Inayo, na sababu kubwa ni mpangilio wake. Masomo mengi ya watoto huanza na amri: usiseme uongo, watii wazazi, usipigane. Mtoto anarudi nyumbani anajua Mungu anataka nini, ila hajui yeye ni nani kwa Mungu. Hapa tabia njema inasubiri hadi somo la sita, baada ya mtoto kusikia kwa majuma matano kwamba anapendwa na ana Baba. Ndivyo Paulo anavyopanga katika Waefeso: kufanywa wana kunatajwa sura ya 1, na agizo la kumfuata Mungu "kama watoto wanaopendwa" linakuja sura ya 5.

Ndani ya boksi kuna kitabu cha mwalimu, kitambaa cha flaneli (kitambaa chenye manyoya ambacho picha hushika juu yake wakati wa kusimulia), picha za kubandika, kadi sita za mistari ya kukariri na karatasi za kupaka rangi ambazo mwalimu anatoa nakala mwenyewe. Picha zimechorwa vizuri. Watoto wamevaa masweta, jambo ambalo mtoto wa Mbeya, anayeijua baridi ya mwezi wa sita, analielewa bila kuelezwa.

Tatizo la picha liko mgongoni. Karatasi ni laini mno, haishiki flaneli, na mwanafunzi akipita karibu na ubao, mwana mpotevu anaanguka chini hadithi ikiwa katikati. Nunua msasa laini karatasi moja, ukate vipande vya ukubwa wa stempu, ubandike viwili au vitatu nyuma ya kila picha kwa gundi ya mbao, upande wa chenga ukitazama nje. Kitambaa kivute kwenye ubao mwembamba, kikaze kwa pini, kisha ulaze ubao nyuma kidogo. Ukiusimamisha wima hata msasa hautasaidia. Watu wengi wanakimbilia kuzilaminisha picha ili zidumu. Plastiki inateleza na inamulika, watoto wa pembeni hawaoni kitu. Kwa Tukuyu na Rungwe, ambako mvua haikauki, zitunze kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, zikiwa zimelazwa kati ya maboksi mawili makavu, la sivyo zinajikunja na gundi inaachia.

Somo la kwanza (Zaburi 139) ni zuri, ila lina sentensi moja ya kufuta. Kitabu kinasema watoto wote duniani ni watoto wa Mungu, halafu somo la nne linasoma Yohana 1:12: "Bali wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu." Mtoto wa miaka kumi atauliza, na ana haki ya kuuliza. Somo la kwanza liishie kusema: Mungu ndiye aliyekuumba, anakujua, anakupenda. Kuitwa mtoto wake kusubiri somo la nne. Na kabla ya kulifikia, kaa na mchungaji au katekista wako mkubaliane mtu anafanyikaje mtoto wa Mungu. Wamoravian na Walutheri, walioko huku tangu 1891, pamoja na Wakatoliki na Waanglikana wanaanzia kwenye ubatizo. Wapentekoste wanaanzia kwenye imani ya mtoto mwenyewe. Seti imeliruka suala hili, hivyo ni juu ya kanisa lenu kulijaza.

Somo la pili ni Luka 15, hadithi ya mwana mpotevu aliyeishia kulisha nguruwe. Mkumbuke tu kueleza kwamba kwa Myahudi nguruwe ni najisi. Huku kwetu nguruwe anafugwa kila kijiji na kumlisha ni kazi ya kawaida ya mtoto akitoka shule. Bila maelezo hayo, aibu ya yule kijana haionekani kabisa.

Somo la tatu, Mungu ni Baba, ndilo linaloweza kuumiza. Swali la kwanza kitabuni ni: "Baba yako anakufanyia nini?" Liulize Makete au Wanging'ombe na utasikia ukimya. Mkoa wa Njombe, ziliko wilaya hizo, ulikutwa na asilimia 11.4 ya watu wazima wenye VVU katika utafiti wa 2016–17, kiwango kilichokuwa juu kuliko mikoa mingine yote, na nyuma ya namba hiyo kuna watoto wanaolelewa na bibi. Wapo pia ambao baba yuko, lakini akirudi kutoka kilabuni wanajificha jikoni. Ukimwambia mtoto huyo kwamba Mungu ni kama baba yake, umemfukuza.

Anza hivi badala yake: "Nani anakuamsha asubuhi? Nani anajua usipokula?" Kila mtoto ana jibu, awe bibi, dada mkubwa au mama mdogo. Kisha soma Zaburi 27:10: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Halafu sema kwamba Baba huyu tunamjua kwa kumtazama Yesu, tusimpime kwa baba wa nyumbani. Usiseme kamwe kwamba Mungu alimchukua marehemu kwa sababu alimpenda sana. Mtoto hatafarijika, ataogopa kupendwa na Mungu. Mtoto akilia, mwalimu wa pili akae naye pale pale bila kumtoa nje kama mwenye kosa. Kwa hiyo somo hili lisifundishwe na mtu mmoja.

Somo la nne linaeleza kufanywa wana kwa picha ya wazazi na mtoto ofisini wakisaini karatasi. Watoto wetu hawajaiona ofisi hiyo. Wanachokijua ni kulelewa kwa mjomba au shangazi, na hapo kuna mtego: nyumba nyingine mtoto wa marehemu ndiye anayechota maji wakati wenzake wanasoma, na sare mpya anapata wa mwisho. Akisikia kwamba Mungu anatulea, anaweza kufikiri ni malezi ya aina hiyo. Weka ile picha pembeni, tumia Wagalatia 4:7: "wewe si mtumwa tena bali u mwana, na kama u mwana, basi, u mrithi kwa Mungu." Chora nyumba ubaoni, waulize mtoto wa nyumba hii anapata nini: sahani, blanketi, ada, shamba baadaye. Kisha mchore mtoto aliyekuja kutoka nje na uwaulize yeye apewe nini. Wataanza kubishana, na ubishi huo ndio somo. Waache kidogo kabla ya kusema kwamba kwa Mungu sehemu yake ni ile ile.

Mwishoni kitabu kinataka watoto wainue mikono kumpokea Yesu. Wakiwa kundi watainua wote kwa kuwa jirani ameinua. Afadhali waambie anayetaka kuongea na mwalimu abaki baada ya kipindi.

Somo la tano na la sita hayana shida. Kila kipindi kimepangiwa saa nzima, ilhali madarasa mengi yana dakika 40 hivi; punguza nyimbo, hadithi usiiguse. Mistari ya kadi ni mirefu kwa wa miaka minne hadi sita, wape maneno matatu ya Isaya 43:1, "wewe u wangu." Kupaka rangi kuna gharama isiyotajwa kwenye boksi: watoto 40 kwa masomo sita ni nakala 240, na kwa Sh 100 kila moja ni Sh 24,000, karibu bei ya seti yenyewe. Chora picha moja kubwa kwenye manila, wao wachore kwenye madaftari.

Parokia au usharika wenye mitaa kadhaa unaweza kununua seti moja na kuizungusha, mradi mtaa wa kwanza ubandike msasa na kuandika marekebisho ya somo la tatu na la nne pembeni mwa kurasa kabla ya kuikabidhi kwa mwingine.