Modeli ya Gari Iliyorudi Sokoni Baada ya Nusu Karne: Tathmini ya Sanduku la Kipimo cha 1/25

Modeli ninayoitathmini hapa ni ya gari la Marekani la milango 2 la katikati ya miaka ya 1960, ya kipimo cha 1/25 (ndogo mara 25 kuliko gari halisi), iliyotolewa upya kwa kutumia kalibu zilezile za chuma, yaani maumbo ya kumiminia plastiki, zilizochongwa wakati gari lenyewe lilipokuwa bado jipya barabarani. Ndani ya sanduku mna vipande zaidi ya 100 vya plastiki nyeupe, fremu moja (kiunzi kinachoshikilia vipande hadi vikatwe) iliyopakwa krome, nyingine ya plastiki angavu kwa ajili ya vioo na taa, matairi 4 ya mpira mweusi, karatasi ya nembo za kubandika kwa maji, na maelekezo yaliyochapishwa kwa herufi ndogo mno kwenye karatasi iliyokunjwa mara kadhaa. Kampuni iliyoitoa nimeamua kutoitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda zilikuwa za sanduku langu peke yake. Niliiunda kwa muda wa wiki 6, saa za jioni, nikisaidiwa na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13. Mimi nilikuwa nimegusa modeli ya aina hii kwa mara ya mwisho nikiwa na umri unaokaribia wake.

Picha iliyo juu ya sanduku ni ileile ya zamani, pamoja na yule kijana aliyevaa shati la mistari akiinamia boneti. Ubavuni pameandikwa kwamba modeli inafaa kuanzia umri wa miaka 14, lakini kila kitu kingine kimepangwa kwa ajili ya mtu mzima anayemkumbuka kijana huyo. Nilitaka kujua kama kilichomo ndani kina thamani yake chenyewe, mbali na kumbukumbu, na jibu langu baada ya wiki hizo 6 ni kwamba kinayo, ila kwa mnunuzi wa namna fulani tu.

Kwanza ni vizuri kueleza sanduku hili ni la ukoo gani. Kampuni ya AMT ya jimbo la Michigan ilikuwa ikitengeneza magari madogo ya plastiki yaliyokamilika, ambayo wauzaji wa magari halisi waliwapa wateja wao kama tangazo. Mwaka 1958 ilianza kuuza magari hayo yakiwa vipande, na kila sanduku lilimpa mnunuzi hiari ya kuunda gari kwa namna 3: kama lilivyotoka kiwandani, likiwa limerembwa, au likiwa la mashindano. Viwanda vya magari vilibadilisha sura ya magari yao kila mwaka, na modeli nazo zikabadilika kila mwaka. Mara nyingi kalibu ya gari la mwaka mmoja ilichongwa upya ili itoe gari la mwaka uliofuata, na ndiyo maana magari mengi ya wakati ule hayawezi kurudi sokoni hata wanunuzi wakiyalilia: chuma kilichoyazaa hakina tena umbo lake. Hili langu ni miongoni mwa yale yaliyonusurika, na hiari zile 3 bado zimo zote.

Bodi ni kipande kimoja, kuanzia ncha ya bampa la mbele hadi kwenye buti, na kwa umbo lake sina malalamiko. Mstari wa bega unaopita juu ya milango umepatikana sawasawa, na paa lina ule mteremko ambao waundaji wengi wa modeli huukosea. Tatizo liko kwenye kingo. Kalibu zikichakaa, nusu zake haziumani vizuri, na plastiki ya moto inayosukumwa kwa nguvu hupenya katika nafasi hiyo ndogo na kuganda kama utando. Madirisha ya nyuma yalikuwa na utando huo, kila gurudumu lilikuwa nao, na kipande cha radieta kilikuwa nao mwingi kiasi kwamba nilidhani kwanza ni sehemu ya muundo. Juu ya paa palikuwa na vibonyeo 2 hafifu ambavyo havikuonekana hadi rangi ya msingi ilipokauka. Aliyewahi kumtazama fundi wa bodi za magari halisi atazitambua hatua zilizofuata: puti, msasa wa namba 400, rangi ya msingi, msasa wa namba 1000, kisha rangi ya msingi tena. Jioni 4 nzima ziliishia hapo.

Chesisi ilikuja imepinda. Niliilaza juu ya kioo na kuona kwamba pembe moja ya nyuma imenyanyuka kwa takriban milimita 2, ambazo kwa kipimo hiki ni sawa na sentimita 5 za gari halisi. Dawa yake ni kuitia kwenye maji ya moto yasiyochemka, kuinyoosha kwa vidole, kisha kuitia kwenye maji baridi ikiwa bado imeshikwa. Ilinyooka, ingawa si kikamilifu. Hapa ninailaumu kampuni bila kusita, kwa kuwa kupinda huku hakusababishwi na uzee wa kalibu. Kunatokea pale kipande kinapotolewa kikiwa hakijapoa, au kinapobanwa vibaya ndani ya sanduku.

Injini ndiyo sababu ya kuinunua modeli hii. Ni ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, na imegawanywa katika vipande 20 na zaidi: nusu 2 za bloku, vichwa vya silinda, pampu ya maji, feni, chujio la mafuta, mabomba ya ekzosi ya kila upande, na hiari ya kabureta 1, kabureta 3 zilizopangwa mstari, au supachaja, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Mbavu za kupoozea, nati zilizo kwenye vifuniko vya vali, hata sehemu ya kudumbukiza kijiti cha kupimia mafuta, zote zinaonekana kwa jicho bila lenzi. Aliyezichonga alikuwa amesimama mbele ya injini yenyewe.

Nilipokuwa nikizisafisha kabureta zile, mpwa wangu aliuliza, “Mjomba, hivi vikopo vya juu vinafanya kazi gani?” Nikamweleza kwamba kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, na kwamba magari mapya yaliacha kuitumia kabla mimi na mama yake hatujawa watu wazima. Alisikiliza kwa adabu. Hata hivyo nilitambua kwamba kwake yeye kipande kile hakikuwa na tofauti na kipande cha chombo cha angani: ni kitu cha kupendeza ambacho hajawahi kukiona kikifanya kazi.

Nadhani kisa cha kupanda na kushuka kwa modeli za magari kimo zaidi katika jambo hilo kuliko katika michezo ya kompyuta, ambayo ndiyo hulaumiwa kila mara. Kijana aliyenunua sanduku hili kwa mara ya kwanza aliishi wakati ambapo gari liliweza kufunguliwa kwa spana, na alichokiunganisha mezani kilikuwa mazoezi ya kile alichotarajia kukifanya chini ya boneti miaka michache baadaye. Viwanda vyenyewe viliamini hivyo. General Motors iliendesha kwa miaka mingi, kuanzia 1930 hadi 1968, shindano la vijana lililoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Mwanzoni washindani walichonga kigari cha kukokotwa na farasi kilichokuwa nembo ya Fisher Body, tawi la General Motors lililotengeneza bodi, baadaye wakachonga magari waliyoyabuni wenyewe, na washindi walipata fedha za masomo. Baadhi yao waliishia kuwa wabunifu wa magari. Leo ukifungua boneti ya gari jipya utakuta kifuniko cha plastiki, na katika gari la umeme huenda usikute injini kabisa. Mtoto wa sasa hana cha kulinganisha na vipande 20 vya plastiki nyeupe.

Siwezi kusema kwamba michezo ya kompyuta haikuchangia, na yako mambo mengine pia. Plastiki hii, polistairini, hutokana na mafuta ya petroli, na bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 sanduku halikubaki kitu cha kununuliwa kwa fedha za mfukoni za mtoto. Gundi nayo iliingia katika mashaka baada ya vijana kuanza kuinusa kwa makusudi. Kampuni ya Testor iliamua mwaka 1969 kuitia mafuta ya haradali ili harufu yake iwafukuze. Mzazi aliyeisoma habari hiyo magazetini hakuwa na hamu tena ya kumwacha mwanawe na mrija wa gundi chumbani. Hatimaye kampuni zikaanza kuungana, na Revell na Monogram, zilizokuwa zikishindana kwa miongo kadhaa, zikawa chini ya mmiliki mmoja mwaka 1986.

Nirudi kwenye sanduku. Gundi haimo, rangi haimo, na maelekezo hayasemi kwa uwazi ni gundi ya aina gani inayofaa. Gundi majimaji ya polistairini huyeyusha nyuso 2 za plastiki zikawa kitu kimoja, na inatosha tone linalobebwa na ncha ya brashi. Mpwa wangu alianza na matone makubwa, na alama ya kidole chake imebaki chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo hataiona mtu. Kosa langu mimi lilikuwa baya zaidi: nilibandika kioo cha nyuma kwa supaglu, mvuke wake ukakitia ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Ilinibidi kukisugua kwa dawa ya kung'arishia, na bado ukungu kidogo unaonekana taa ikipigwa kwa upande. Fremu ya krome inang'aa vizuri, lakini kila kipande kimeshikwa na fremu kwenye upande wa mbele, hivyo ukikikata unaacha kovu jeupe pale pale macho yanapotua. Karatasi ya nembo, kwa upande mwingine, ni mpya kabisa na ni bora kuliko chochote nilichokuwa nacho utotoni: rangi zimejaa, mistari haijahama, na nembo hulainika na kukumbatia mikunjo ya bodi bila kupasuka.

Anayezoea modeli za Kijapani ataliona sanduku hili kuwa la kishamba, na hatakuwa amekosea. Kampuni ya Kijapani ya Tamiya ilipoandaa modeli yake ya Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, iliyotoka mwaka 1976, Shunsaku Tamiya, mwana wa mwanzilishi wake, alinunua Porsche 911 halisi na kuifungua ili kuona kila kitu kinavyokaa. Uangalifu huo umebaki: vipande vya modeli zao za sasa hukaa mahali pake hata kabla ya gundi. Lakini modeli nyingi za kipimo cha 1/24 za siku hizi, za Japani na za kwingineko, hazina injini kabisa. Boneti imefungwa, na kilicho chini ni umbo la tumbo la gari tu. Mtu anayependa rangi na mng'ao wa bodi atafurahi nazo. Mimi huchoka katikati.

Isidhaniwe kwamba vijana wameacha kuunganisha vitu. Mpwa wangu ana rafu nzima ya roboti za Gundam, za katuni ya Kijapani, ambazo kampuni ya Bandai ilianza kuziuza mwaka 1980, na za sasa hutoka kiwandani zikiwa na rangi zake na huungana kwa kubana tu. Aliposhika koleo la kukatia fremu siku ya kwanza, mkono wake ulikuwa na ustadi kuliko wangu: alikata mbali na kipande kwanza, kisha akakaribia, ili plastiki isichanike. Kilichomkera ni kungoja. Rangi ya bodi ilihitaji siku kadhaa kukauka kabla ya kusuguliwa, na kwa roboti zake siku hizo zingetosha kumaliza kazi yote.

Kwa hiyo ninaipendekeza modeli hii kwa mtu aliyewahi kuunda nyingine 2 au 3, mwenye msasa na puti, anayeitaka injini na asiyejali kufanya kazi ya kiwanda kwa mikono yake. Kwa mwanzilishi, hasa mtoto anayejaribu peke yake, siipendekezi. Kupinda kwa chesisi peke yake kungemkatisha tamaa kabla hajafika kwenye raha yenyewe. Kampuni ingeweza kupunguza tatizo hilo kwa kuongeza kurasa 2 za maelekezo na kuyachapisha kwa herufi za kusomeka, jambo ambalo hata wanunuzi wake wazee, ambao macho yao si yale ya mwaka 1965, wangelishukuru.

Tuliunda gari la mashindano, kwa uamuzi wa mpwa wangu, likiwa na supachaja iliyochomoza juu ya boneti. Vipande vya hiari zile nyingine 2 vimebaki katika kopo, na kioo kimoja cha pembeni kilichopotea chini ya meza amekichora kwenye kompyuta ili akichapishe kwa resini katika mashine ya 3D. Gurudumu la nyuma la kushoto bado haligusi meza vizuri. Ukipitisha karatasi chini yake, inapita.