Oshidori Utagassen au Tsubaki Sanjuro?

Zote ni filamu za Kijapani za enzi za samurai, lakini ladha zake haziingiliani. Oshidori Utagassen ya Masahiro Makino (1939) ni kuimba tu: bwana mkubwa anaimba, binti wa fundi miavuli anaimba, na baba yake, anayeigizwa na Takashi Shimura, naye anaimba huku akimaliza fedha kwa vyombo vya kale. Fitina ni nyepesi, na fumbo lenyewe linahusu chungu kimoja.

Tsubaki Sanjuro ya Akira Kurosawa (1962) ndiyo yenye siasa. Vijana tisa wanamshuku ofisa mkuu wa himaya yao kwa ufisadi, wanamwamini mkaguzi. Ronin (samurai asiye na bwana) mmoja mchafu, anayeigizwa na Toshiro Mifune, anawasikia na kuwaambia wamegeuza mambo: huyo wanayemwamini ndiye mwizi. Kuanzia hapo ni kuviziana, hadi maua ya kamelia kwenye mfereji yanakuwa ishara ya kushambulia. Muziki wa Masaru Sato ni mzuri, ila haubebi hadithi. (Shimura yumo tena, safari hii upande wa mafisadi!)

Anayependa mafumbo aanze na Sanjuro. Ya Makino ni fupi, haifiki dakika 75. Iweke kwa usiku wa Ijumaa, ukiwa hoi.