Wiki kumi za kozi ya IELTS: uzoefu wangu

Nilijiunga na kozi hii ya jioni, mara tatu kwa wiki kwa njia ya mtandao, baada ya kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na kupata 5.5 kati ya 9 kwenye kuandika. Nilikuwa nahitaji 6.5. Kiingereza nakitumia kazini kila siku, kwa hiyo ile alama iliniuma kwelikweli.

Kilichonifaa kuliko vyote ni usahihishaji wa insha. Mwalimu aliipitia kila insha mara nne, kila mara akitafuta kimoja kati ya vile vinne vinavyopimwa: je, umejibu swali, hoja zinafuatana, msamiati, sarufi. Insha yangu ya kwanza iliuliza kama faida za jambo fulani zinazidi hasara zake. Nilieleza faida, nikaeleza hasara, nikafunga bila kusema zipi zimezidi. Pembeni aliandika: "Sasa wewe unasemaje?" Miaka yote nilidhani tatizo langu ni sarufi, kumbe nilikuwa sijibu swali.

Alinizoesha pia kuigawa ile saa moja ya kuandika: dakika 20 kwa zoezi la kwanza, la kueleza kitu kama grafu kwa maneno 150, dakika 40 kwa insha ya maneno 250, maana insha ina uzito mara mbili. Kwenye mtihani wa awali grafu peke yake ilinila zaidi ya nusu saa.

Kuongea ndiko kulikotutoa jasho. Unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea hadi dakika mbili. Mwalimu alikuwa akiturekodi. Nilipojisikiliza nikikutana na "he" (ya mwanamume) tatu ninapomwelezea mama yangu mzazi, nilishtuka. Kwetu "amekuja" ni amekuja tu, awe mwanamume au mwanamke, na ulimi umeshazoea hivyo. Kosa hilo hulisikii mpaka usikie sauti yako mwenyewe. Wiki tatu nilisimulia habari za dada zangu na shangazi zangu mpaka likapungua.

Sikupendezwa na vipindi vya kusikiliza. Kwenye mtihani sauti inapigwa mara moja tu, lakini darasani tulirudiwa mara mbili, mara tatu, kila mtu akaondoka na matumaini ya uongo. Ilinibidi nifanye mazoezi nyumbani peke yangu, bila kurudisha nyuma. Halafu mwalimu mwingine wa zamu alitugawia insha za kukariri. Hilo silikubali hata kidogo: swali likigeuzwa kidogo, ulichokariri hakijibu kitu. Na mwenzetu aliyekuwa na zamu za usiku alikosa vipindi vingi bila rekodi yoyote ya kufuatilia, ilhali kozi inatangazwa kuwa ni ya watu wazima wenye kazi.

Nilirudia mtihani nikapata 6.5 kwenye kuandika na 7 kwenye kuongea. Kama bado unaungaunga sentensi, kozi hii itakuacha njiani. Anza na Kiingereza cha kawaida kwanza. Kama umekwama kwenye 5.5 au 6, jiunge, ila kabla ya kulipa uliza ni insha zako ngapi zitasahihishwa, na nani atazisahihisha. Mimi nilisahihishiwa 14, zote na mwalimu mmoja.