Foleni ya malori Mtwara: kupanua barabara au kujenga maegesho nje ya mji?

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, malori yake hukutana na ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na njia ya bandarini hujaa. Fedha ya umma iende wapi?

Kupanua barabara kunavutia macho, lakini geti la bandari halipanuki nayo. Njia ya ziada ya mita 3.5 hugeuka maegesho: lori lenye tela huchukua kama mita 18, hivyo malori 50 yaliyobanana ni karibu kilomita nzima. Kuna pia fidia, na kuhamisha nguzo za umeme na mabomba ya maji. Kazi nyingi hukwama hapo kabla greda halijafika.

Maegesho yanataka nidhamu: dereva apewe namba, aitwe zamu yake ikifika. Bila vyoo, maji, taa na mama lishe, madereva watarudi kulala barabarani, tena kwa haki. Sakafu iwe ya zege. Changarawe tupu haivuki msimu mmoja wa mvua. Matairi huichimbua pale malori yanapokata kona.

Tungeanza na maegesho. Upanuzi ubaki kwenye makutano, ambako daladala na bajaji hupakia abiria katikati ya njia kwa kukosa kituo cha pembeni.