Joho la Malindi na meza ya mashindano: uzoefu wangu kwenye maonyesho ya Renaissance

Tangu turudi kutoka maonyesho ya Renaissance, zile sherehe za kuigiza maisha ya Ulaya ya karne ya kumi na tano na kumi na sita, joho limetundikwa nyuma ya mlango, na kila nikilipita damu inanichemka. Anayetaka bei ya tikiti na habari za maegesho ataitafuta mwenyewe. Mimi nina neno na meza moja tu, ile ya kuandikisha washindani wa mavazi.

Nilijiandaa miezi. Wengi hapa Marekani huenda kwenye maonyesho haya wamevaa kama watu wa Uingereza ya Malkia Elizabeth I, na kola zao za mikunjo. Mimi ni mtu wa pwani, na pwani ilikuwepo. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, Aprili 1498, mmoja wa watu wake aliandika kwenye shajara ya safari jinsi mfalme wa pale alivyokuwa: joho la damaski lililotiwa atilasi ya kijani, kilemba cha thamani, mwavuli wa atilasi nyekundu, mzee amemshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha, na siwa mbili za pembe za ndovu, kimo cha mtu, zikipulizwa. Basi nikavaa hivyo. Mke wangu alishona pindo la kijani kwa mkono. Mwanangu akabeba upanga wa mbao, ala tumeizungushia karatasi ya fedha.

Langoni walitupokea vizuri, haki yao niwape. Kijana aliyevaa kiaskari aliufunga upanga kwenye ala kwa kamba, ndiyo sheria yao hata kwa silaha za mbao, kisha akamwinamia mtoto na kumwita bwana mdogo. Mtoto akatembea kifua mbele.

Halafu ile meza. Mama mmoja alinitazama kuanzia kilemba hadi makubadhi, kalamu haikugusa karatasi. "Hapa tunashindanisha mavazi ya Renaissance. Lako ni la hadithi za majini." Nikamweleza habari ya 1498. Nikamtajia Malindi. Hakuuliza hata ni wapi. "Anayefuata!"

Aliyefuata ni binti mwenye mbawa za kipepeo. Akaandikwa bila swali. Nyuma yake mwanamume mwenye masikio ya plastiki yaliyochongoka, naye akaandikwa. Mbawa! Mwenye mbawa aliishi karne gani, nchi gani? Mwanangu akanivuta kanzu: "Baba, kwani sisi hatukuwepo?"

Hapo ndipo nilipochomeka. Maonyesho ya namna hii yalianzia California mwaka 1963, kazi ya mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron. Mwalimu! Leo aliyekalishwa mezani hataki kusikia tarehe.

Nilishaamua kuwapa nyota moja na kwenda zangu. Lakini njia ya kutokea inapita kwa mhunzi. Yule bwana aliacha mvukuto, akauliza nani kashona pindo lile. Nikamsimulia yote, naye akasikiliza mpaka mwisho, nyundo chini. Alitaka kujua siwa inapulizwaje. Nikamwonyesha: tundu liko ubavuni, si nchani. Akamfulia mwanangu ndoano ya chuma palepale na kukataa pesa. Tukabaki hadi jioni. Tuliwaona wapanda farasi wakikabiliana kwa mikuki, mbao zikipasuka kweli, tukala mahindi ya kuchoma yaliyotoswa kwenye siagi, ambayo sijala mfano wake tangu nitoke Mombasa.

Kwa hiyo nyota nne? Nilikuwa nimeshaandika nne. Nikakumbuka "Anayefuata!" nikafuta mbili. Mhunzi peke yake anastahili zote tano, ila siwezi kumpa yeye nisimpe yule mama.

Mke wangu amesema hatii tena sindano kwenye joho lile kwa ajili ya watu wale. Mwanangu ameizungushia ala karatasi mpya ya fedha.