Nimetumia kamera ya Sony HX99 Mtera na Kolo: zumu pekee haitoshi

Mara ya kwanza nilikwenda bwawa la Mtera na kamera ya kuazima kwa shemeji, yenye zumu ya mara 40. Furukombe akatua juu ya mti mkavu uliosimama majini. Jua lilikuwa la utosi, kioo cha nyuma kikawa giza tupu. Nikapiga kwa kubahatisha. Nilipozitazama picha nyumbani, ndege hayumo hata moja. Iliniuma sana.

Tangu hapo, swali langu la kwanza dukani likawa: ina kidirisha cha kuchungulia? Ndiyo sababu nikachukua Sony HX99. Lenzi yake inavuta kutoka milimita 24 hadi 720 (namba ikipanda, cha mbali kinasogea), na kamera nzima ina gramu 242 tu. Kidirisha ni kidogo, lakini ukikibana jichoni jua halikusumbui, na kamera ikigusa uso inatulia. Kwenye milimita 720 hilo ni jambo kubwa, maana mkono ukitikisika kidogo tu mnyama ametoka kwenye picha. Niliporudi Mtera, viboko ambao kwa macho nilidhani ni mawe niliwapata mpaka masikio.

Kolo, kule Kondoa, ilinipa kazi. Michoro ya kale ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006, iko chini ya miamba yenye kivuli. Sensa ya kamera hii, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo na lenzi haipitishi mwanga mwingi, basi ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikapanda na picha zikajaa chenga. Simu yangu ilifanya vizuri zaidi. Kilichoniokoa ni kuilaza kamera juu ya mkoba kwenye jiwe, kushusha ISO na kuweka taima ya sekunde mbili. Hapo wale watu wembamba wa rangi nyekundu wakatoka safi, nikafurahi mno.

Kama safari zako ni za mapangoni na za jioni, tafuta yenye sensa ya inchi moja, mfano Panasonic TZ100, ingawa inaishia milimita 250. Mimi napenda ndege, nabaki na hii.

Lenzi za kutoka na kuingia hazipendi vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua. Yangu inakaa kwenye mfuko wa zipu.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji mtoke nayo nje saa saba mchana, uvute hadi mwisho, usome kibao cha ng'ambo ya barabara.