Studio ya Kariakoo iliyonirudishia sura ya baba

Wiki moja kabla ya arobaini ya marehemu baba nilipeleka picha yake kwenye studio ndogo karibu na Mtaa wa Msimbazi. Ndiyo picha yake pekee ya ujanani: amesimama nje ya geti la kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Ilishaliwa na unyevu, mkunjo umepita katikati ya uso.

Kijana wa pale akaniuliza, "Dada, mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamweleza: fundi wa mashine za kufuma. Kelele za mashine hizo zilimharibu sikio la kushoto, ndiyo maana watoto wake wote sita tunaongea kwa sauti ya juu hadi leo. Kila mwisho wa mwezi, doti ya khanga kwa mama.

Nakala ya kwanza walikosea, wakauziba mwanya wake. Nilipowaonyesha walirekebisha palepale bila nyongeza. Fremu ni hafifu, nunueni kwingine. Mama alipoipokea alipitisha kidole pale kwenye mwanya, akasema, "Huyu ndiye aliyenioa." Nililipa Sh35,000, na nitarudi na picha ya babu.